Mtafute Kama Mji Ulivyomjua: Kusaka Kaburi la Jamaa Katika Madaftari ya Zamani

Matini ya mazungumzo kwa wazee wa mitaa, watunza kumbukumbu na familia zinazotafuta makaburi ya jamaa zao

 

Chukueni mfano wa mama mmoja anayeshuka basi la usiku katika mji mdogo kando ya reli. Ametoka Siaya. Mkobani ana bahasha kuukuu iliyokunjwa mara mbili. Baba yake anakaribia miaka 80, na kwa muda mrefu amekuwa na ombi moja: aonyeshwe mahali alipolazwa baba yake, yaani babu wa mama huyu, aliyekuja upande huu kukata mkonge na hakurudi.

Wazee wa ukoo wamechoka kungoja. Kwa desturi ya Waluo, mtu aliyefia mbali na mwili wake usipatikane huzikiwa tunda la mwegea, ambalo wao huliita yago, ili naye awe na kaburi nyumbani. Wamesema tunda lizikwe mwezi wa nane. Mzee hakatai. Anachosema ni kwamba tunda ni la mtu asiyejulikana alipo, na baba yake alizikwa na watu, mchana, katika mji wenye ofisi. Anataka iulizwe mara ya mwisho kabla tunda halijaingia ardhini.

Binti anafika ofisini saa mbili asubuhi. Anatoa jina kamili: la kuzaliwa, la baba, la ukoo. Karani kijana anafungua daftari la mazishi, anapitisha kidole mstari kwa mstari, anageuza ukurasa, anageuza mwingine. Saa tano anainua uso.

"Pole, mama. Hayumo."

Mazungumzo ya leo yanahusu neno hilo, "hayumo". Husemwa kwa nia njema, na mara nyingi si la kweli. Mtu yumo, ila aliandikwa na karani asiyemjua, kwa jina ambalo nyumbani hawakuwahi kumwita. Kwa hiyo anayetafuta kaburi la zamani katika mji mdogo ashike jambo moja kabla ya yote: amtafute marehemu kama mji ulivyomjua, si kama nyumbani walivyomjua.

Waliozikwa na wageni

Hapa Taita Taveta watu walijua walipo wafu wao kabla daftari halijaletwa. Vilimani, Wadawida walizika, na baada ya muda kaburi lilifunguliwa, fuvu likatolewa na kuwekwa chini ya mwamba au pangoni pamoja na mafuvu mengine ya ukoo. Mafuvu hayo yapo hadi leo katika baadhi ya mapango. Mtoto aliyetaka kujua babu yake yuko wapi hakuhitaji karatasi. Alipelekwa akaonyeshwa. Aliyemwonyesha alikuwa ndugu, na ndugu hakosei jina.

Makaburi ya mijini yalianza kwa njia nyingine. Yalianza kwa ajili ya watu waliofia mbali na ndugu zao. Reli ilianza kujengwa Mombasa mwaka 1896 na ikafika Kisumu mwaka 1901. Vibarua wapatao 32,000 waliletwa kutoka India kuijenga, na takriban 2,500 kati yao walikufa kazini. Kisha vikaja Vita vya Kwanza vya Dunia, na nchi kati ya Voi na Taveta ikajaa askari na wapagazi kutoka pande nyingi za dunia. Baadaye mashamba ya mkonge ya Voi, Mwatate na Taveta yakavuta vibarua kutoka nyanza za magharibi, Ukambani, vilima vya hapa na ng'ambo ya mpaka.

Mtu wa namna hiyo alipofariki hospitalini au kambini, nyumbani kwake palikuwa mwendo wa siku kadhaa. Hapakuwa na chumba baridi cha kuhifadhi maiti wala simu ya kijijini. Alizikwa siku hiyo au kesho yake. Aliyemtaja kwa karani alikuwa nyapara, mlinzi wa hospitali au mwenzake wa kambini. Ndiyo maana maandishi ya makaburi ya mji ni maandishi ya wageni kuhusu wageni. Asiyelikumbuka hilo hupoteza asubuhi nzima akisaka jina sahihi, ilhali lililoandikwa si sahihi.

Hili ni jambo la kaunti zote. Jedwali la Nne la Katiba ya mwaka 2010 linataja makaburi, nyumba za kuhifadhi maiti na sehemu za kuchomea maiti miongoni mwa kazi za huduma za afya za serikali za kaunti. Pamoja na viwanja vya makaburi, kaunti zilirithi madaftari ya mabaraza ya miji na ya wilaya yaliyotangulia. Anayeulizia daftari la zamani huanzia kwenye ofisi ya mji husika au ofisi ya afya ya umma ya kaunti ndogo.

Karani aliandika alichosikia

Tuseme karani wa zamani alikuwa mtu wa Pwani, aliyezikwa ni mtu wa ziwani, na aliyemtaja ni mtu wa Ukambani. Jina limepita katika masikio matatu kabla ya kufika kwenye wino. Ochieng' huweza kuandikwa Ochien, Ocheng au hata Achieng, ambalo ni jina la mwanamke. Mghanga wa vilimani hugeuka kuwa Mganga, na anayesoma leo akadhani ni kazi ya mtu. Wanjiru huwa Wanjeru. Mohamed ana tahajia nyingi, na zote ni za kweli. Hata jina la wilaya hii katika karatasi za ukoloni liliandikwa Teita, kwa "e".

Kwa hiyo mtafutaji asisome daftari kwa macho tu. Alisome kwa sauti, polepole, na amwambie mwenzake asikilize. Sikio hukamata kile ambacho jicho limekipita.

Tahajia ni tatizo dogo kuliko mengine. Kubwa zaidi ni jina lenyewe kuwa jingine. Wengi walibatizwa au kusilimu wakiwa kazini, wakapata majina ambayo barua za nyumbani hazikuyataja. Wengine waliitwa kwa kazi zao: Fundi, Dereva, Mpishi. Wengine walitajwa kwa walikotoka tu. Katika karatasi za ukoloni, mtu kutoka pande za ziwa aliitwa Kavirondo, awe Mluo au Mluhya, na neno hilo liliweza kuandikwa mahali pa jina la baba.

Wanawake na watoto ndio hupotea zaidi. Mwanamke aliweza kuandikwa "mke wa" fulani na jina lake lisionekane popote. Mtoto mchanga aliweza kuandikwa "mtoto wa" fulani, au jinsia yake tu. Anayemtafuta nyanya yake na asimwone chini ya jina lake, amtafute chini ya jina la babu, na pia chini ya jina la aliyekuwa mwajiri wa babu.

Tena wako wasiokuwa na jina kabisa. "Mwafrika, mwanamume, mtu mzima." Mstari kama huo ni mchungu kuusoma, lakini si mstari mtupu. Una tarehe, una mahali alipotoka maiti, na una aliyelipia kaburi. Kwa hayo matatu mtu amewahi kutambuliwa.

Kila safu ya daftari ina neno lake

Daftari la mazishi kwa kawaida lina nambari ya mfululizo, tarehe, jina, jinsia, umri, dini, mahali alipofia, nambari ya kaburi, ada na jina la aliyelipa. Wengi husoma safu ya jina peke yake na kufunga daftari. Hiyo ndiyo safu inayodanganya zaidi. Zilizobaki ndizo za kuuliza.

Tarehe ya daftari la makaburi ni ya kuzikwa, si ya kufa. Daftari la wodi lina tarehe ya kufa. Zikipishana siku moja au mbili, mtu asikate tamaa kwamba si yeye. Msikiti nao huenda umeandika kwa mwezi wa Kiislamu, na tarehe hiyo ibadilishwe kwanza kabla ya kulinganishwa.

Umri mara nyingi ulikadiriwa kwa kumtazama marehemu. Mwenye kusoma ataona miaka 30, 35, 40 na 45 ikirudi ukurasa baada ya ukurasa, kana kwamba hakuna aliyekufa akiwa na miaka 37. Umri wa namna hiyo uchukuliwe kama ishara ya mtu alivyoonekana. Usitumiwe kumkataa mtu.

Dini huonyesha upande wa uwanja. Makaburi mengi ya miji ya zamani yaligawanywa: Wakristo upande huu, Waislamu upande ule, na enzi za ukoloni Wazungu walitengewa sehemu yao. Wahindu kwa desturi huchoma maiti, isipokuwa watoto wadogo, kwa hiyo jina la Mhindu mtu mzima litafutwe kwanza katika kumbukumbu za mahali pa kuchomea maiti.

Safu ya aliyelipa ndiyo husahaulika zaidi, na ndiyo yenye faida kubwa. Kaburi liliweza kulipiwa na shamba, na reli, na kanisa, na jamaa, au na baraza la mji kwa mtu asiye na mwenyewe. Anayejua babu yake aliajiriwa na nani anaweza kuacha jina kando na kufuata mlipaji.

Safu ya nambari ya kaburi isomwe kwa hadhari. Vibao vya nambari huibiwa, huoza, na huchomwa na moto wa majani. Katika baadhi ya makaburi ya mijini kulikuwa na makaburi ya muda, ambayo nafasi yake ilitumiwa tena baada ya miaka kadhaa. Nambari humfikisha mtu kwenye sehemu na mstari. Mara nyingine haimfikishi zaidi ya hapo.

Rudini sasa ofisini. Mama wa Siaya hajaondoka. Amekaa kwenye benchi, bahasha mapajani. Karani ameenda kunywa chai na amerudi.

"Mama, hebu nione hiyo bahasha."

"Ni tupu, mwanangu. Barua ilipotea. Mwalimu aliwasomea, wakalia, ikapotea. Baba alibaki na hii."

Karani haangalii ndani. Anaangalia stempu. Juu yake kuna muhuri wa posta uliofifia: jina la mji huu huu, mwezi wa Desemba, mwaka 1961. Ni mwaka wa mafuriko makubwa yaliyotangulia Uhuru. Kwa mara ya kwanza wana tarehe. Karani anaacha kutafuta jina. Anafungua miezi mitatu ya mwisho ya mwaka huo na kufuata safu ya aliyelipa. Anakuta makaburi matatu yaliyolipiwa na shamba lile la mkonge. Katika yote matatu, mahali pa jina la baba pana neno moja: Kavirondo. Mbele yake kuna majina ya ubatizo tu.

Mama anapiga simu nyumbani. "Baba, babu alikuwa na jina la ubatizo?"

Kimya kinakuwa kirefu. "Alilipata huko kazini," mzee anasema. "Nyumbani hatukulitumia." Kisha analitaja. Ni jina lililo chini ya kidole cha karani.

Daftari likifika mwisho

Ikumbukwe kwamba jina moja la ubatizo si ushahidi wa kutosha. Mtafutaji mwema hutaka karatasi mbili zinazokubaliana, na zitoke sehemu mbili tofauti.

Ya kwanza ni kumbukumbu za dini. Mwinjilisti Joseph Alfred Wray alifika Sagalla mwaka 1883, na misheni ya Kikatoliki ya Bura ilianza mwaka 1892. Makanisa ya zamani huweka madaftari ya ubatizo, ndoa na mazishi. Daftari la ubatizo lina faida maalumu: mara nyingi huweka jina la nyumbani na jina jipya katika mstari mmoja. Hapo ndipo mtu wa nyumbani na mtu wa mji hukutana. Kwa Waislamu, aulizwe imamu na wazee wa msikiti, hasa waliosimamia mazishi.

Ya pili ni kumbukumbu za vifo za serikali. Kuandikisha vifo kulianza kwa lazima kwa Wazungu na Waasia. Kwa Waafrika sharti hilo lilipanuliwa wilaya baada ya wilaya tangu wakati wa Uhuru, hadi likaenea nchi nzima mwaka 1971. Maana yake ni kwamba mwenye kutafuta kifo cha Mwafrika cha kabla ya hapo asishangae akikosa cheti. Kukosekana kwa cheti si ushahidi kwamba mtu hakufa hapa. Kwa vifo vya baadaye, ofisi ya usajili wa raia ndiyo ya kuanzia, akiwa na majina yote, mahali na tarehe ya kukadiria.

Ya tatu ni Hifadhi ya Nyaraka za Taifa, iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 1965 na ambayo makao yake ni jengo la zamani la benki, Barabara ya Moi, Nairobi. Humo mna ripoti za kila mwaka za wilaya na majalada ya utawala wa zamani. Hayatampa mtu nambari ya kaburi, lakini huweza kumwambia shamba lipi lilikuwa wapi, ugonjwa gani ulipita mwaka gani, na hospitali ipi ilihudumia watu gani.

Ya nne iko nyumbani, na ni vyema iwe ya kwanza kwa yeyote ambaye hajaanza safari. Kipande cha zamani, kitambulisho, kadi ya kanisa, picha yenye maandishi mgongoni, risiti ya mshahara, bahasha yenye muhuri. Kitu kama hicho kisitupwe kwa sababu ni tupu. Wazee nao waulizwe mwaka kwa matukio: mafuriko, nzige, njaa, sikukuu ya Uhuru. Mzee asiyejua tarehe anajua mvua.

Waliokuwa nambari

Kuna kundi ambalo mji wenyewe haukulijua. Hao ni watu wa Vita vya Kwanza. Tarehe 12 Februari 1916 palipiganwa Salaita, na mwezi wa Machi pakapiganwa katika vilima vya Latema na Reata, karibu na Taveta. Voi, Maktau na Taveta kuna makaburi ya vita yanayotunzwa na Tume ya Makaburi ya Vita ya Jumuiya ya Madola, iliyoanzishwa mwaka 1917. Anayemtafuta askari aliyezikwa huko anaweza kutafuta jina bila malipo katika kumbukumbu za Tume hiyo kwenye intaneti.

Lakini waliobeba chakula na risasi za askari hao walikuwa wapagazi wa Kikosi cha Wachukuzi, ambacho jina lake la Kiingereza liligeuka likawa Kariokor ya Nairobi na Kariakoo ya Dar es Salaam. Wengi walikufa kwa kuhara, malaria na njaa kuliko kwa risasi. Jeshi liliwajua kwa nambari, wilaya na chifu, na wengi hawakupewa kaburi lenye jina.

Mwezi wa Aprili 2021 ripoti ya kamati maalumu ya Tume hiyo ilikiri jambo hili waziwazi. Ilikadiria kwamba waliokufa kati ya 45,000 na 54,000, wengi wao Wahindi, Waafrika na Wamisri, walikumbukwa kwa namna isiyo sawa na wenzao. Wengine wasiopungua 116,000, na huenda hadi 350,000, wengi wao kutoka Afrika Mashariki na Misri, hawakukumbukwa kwa majina au hawakukumbukwa kabisa.

Kwa familia yenye babu wa Kariokor, kanuni ni ile ile. Jeshi halikumjua kwa jina la ukoo. Lilimjua kwa nambari yake, wilaya aliyoandikishwa na chifu aliyemtoa. Mzee anayekumbuka jina la chifu wa wakati ule ana kitu cha kumpa mtafutaji hata kama hakumbuki tarehe moja.

Uwanjani

Baada ya karatasi ni uwanja. Aombe ruhusa kwanza kwa mtunza makaburi. Aende mapema asubuhi au jioni, jua likiwa chini, kwa sababu mwanga wa ubavuni hutoa herufi zilizofutika kwenye jiwe. Apige picha ya jiwe zima, kisha ya maandishi, kisha ya makaburi ya jirani. Jiwe lisiguswe kwa brashi ya waya, tindikali, sabuni ya unga wala chaki. Maji safi na brashi laini yanatosha, na jiwe linalomenyeka liachwe lilivyo.

Anakili kilichoandikwa, na makosa yake. Akisahihisha tahajia wakati wa kunakili, atakayekuja baada yake hatalipata. Sahihisho liandikwe pembeni.

Aulize pia watu. Wachimba makaburi wa zamani, mama anayechuma mboga kando ya ua, mzee wa mtaa. Hao wanajua kwamba mstari wa karibu na mwarobaini ulikuwa wa watu wa shamba, na kwamba njia ya zamani ilipita hapa kabla ya kusogezwa. Hilo halipo katika daftari lolote, na likifa nao halitapatikana tena.

Jambo moja la sheria. Kupata kaburi si ruhusa ya kulifungua. Chini ya Sheria ya Afya ya Umma, Sura ya 242, kufukua mwili bila kibali ni kosa. Familia inayotaka kuhamisha mabaki ya jamaa yake ifuate njia ya kibali tangu mwanzo, na isishawishiwe na mtu yeyote anayeahidi kuifanya kazi hiyo usiku.

Mzee alivyofika

Daftari la ubatizo la kanisa lilikubaliana na la makaburi. Lilikuwa na jina la nyumbani na jina jipya, mstari mmoja, na mkono wa katekista. Wiki mbili baadaye mzee wa Siaya anaingia uwanjani ameshikwa mkono na binti yake. Karani anatangulia na daftari kwapani. Wanafika karibu na mwarobaini. Hakuna mawe. Kuna majani, na miinuko mitatu midogo ambayo asiyeambiwa hangeiona.

"Mzee, sitakudanganya," karani anasema. "Daftari linasema mstari huu. Vibao havipo. Babako yuko katika mojawapo ya haya matatu, lakini lipi, siwezi kuapa."

Mzee anasimama kitambo. Kisha anauliza, "Hao wengine wawili ni akina nani?"

Karani anasoma. Majina mawili ya ubatizo, na Kavirondo, na Kavirondo.

"Yaandike," mzee anamwambia binti yake. "Hata kwao wanangoja."

Anainama kwa shida, anachota udongo wa mwinuko wa kwanza, wa pili na wa tatu, anaufunga katika kitambaa kimoja. Tunda la yago halizikwi mwezi wa nane. Unazikwa udongo huo.

Mabibi na mabwana, katika mstari mmoja wa makaburi matatu, familia moja ilifika. Mbili bado. Huenda watu wake wameshaambiwa "hayumo" katika ofisi fulani wakarudi nyumbani. Kwa hiyo maombi ni machache. Mtunza kumbukumbu asiseme "hayumo" kabla hajauliza mwajiri, dini, mwaka na aliyelipa. Mzee wa mtaa anayejua mistari ya makaburi aionyeshe kwa kijana mwenye daftari na kalamu, mwaka huu. Kiongozi wa dini akague kabati lenye vitabu vya zamani, akaone kama mchwa wametangulia. Na familia yenye bahasha tupu isiitupe.

Aliyekuja kukata mkonge, kulaza reli au kubeba mzigo wa vita aliandikwa na mgeni. Kumrudishia jina lake ni kazi ya wote wawili: mji unaoshika daftari, na nyumbani kunakoshika jina.